Makofi Ambayo Sikuyaandika

Neema na Patrick, siku ya kuniaga mliniuliza kwa nini nilisimama muda mrefu nikiwa nimeupa mlango mgongo, kisu cha keki mkononi, na mgeni amekwisha fika. Niliwaambia nitajibu kwa maandishi, kwa sababu kazi yetu ni maandishi. Hili ndilo jibu. Ni refu kidogo. Mkichoka, mna pedali: simamisheni, mnywe chai, muendelee.

Habari za vyeo naziacha. Nilipewa cheo kimoja maisha yangu yote, nacho kilikuja na ufunguo wa kabati la karatasi. Mshahara nao ni siri yangu na mwenye nyumba.

Nilipofika Durban kutoka Lubumbashi nilisuka nywele. Kwetu nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mthibitishaji wa hati, vidole vyangu vina mbio, lakini hapa hakuna aliyeniuliza habari za vidole isipokuwa kwa nywele. Nikasuka miaka miwili kwenye saluni moja karibu na mtaa wa Point, mpaka mteja wangu mmoja, Mkongomani mwenzangu aliyekuwa akifanya usafi katika majengo ya mahakama, akaniambia huku nikimvuta kichwa: "Béa, kule beko banatafuta muntu mwenye kujua Swahili yetu na kupiga machine. Enda kesho asubui, ma chère. Lakini nimalizie kichwa kwanza."

Nilikwenda. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, ileile mnayoijua, ila wakati ule haikuwa na lifti inayofanya kazi. Sasa ina lifti isiyofanya kazi. Aliyenipokea ni Aunty Saro, mama wa Kihindi mkazi wa Overport, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, ndiye aliyewasimamia waandishi wote. Shida yake ilikuwa majina. Watu wetu walikuwa wakitoa ushahidi mahakamani kwa Kiswahili, mkalimani akitafsiri, na waandishi wake wakisikia majina ya miji na ya koo wasiyoyajua. Katika kesi moja Lubumbashi iliandikwa kwa namna tisa. Mrufani, kwa kufuata karatasi, alikuwa amezaliwa katika miji tisa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mashine za kwetu zina herufi za Kifaransa, A na Q zimebadilishana viti. Nilichapa ukurasa mzima kwa mbio zangu zote bila kutazama, nikauinua kwa majivuno, na kila palipotakiwa A palikuwa na Q. Aunty Saro aliusoma mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mkwe. Kisha akasema: "Una kasi nzuri sana, Bea. Sasa tutafute lugha." Nikajua nitakaa.

Yeye ndiye aliyenieleza kazi hii ni ya nini, na nawapa maneno yake kwa sababu sijapata mengine bora. Mtu anahukumiwa katika mahakama ya chini. Hakimu anamwona, anamsikia, anaona jasho lake. Asiporidhika, anaomba ruhusa ya kukata rufaa, na akinyimwa na hakimu anaweza kuwaandikia majaji wa Mahakama Kuu wampe wao. Akiipata, kesi yake inasikilizwa na majaji wawili. Wakishindwana, anaitwa wa tatu. Juu yao iko mahakama nyingine, Bloemfontein, lakini ni wachache wenye pumzi ya kufika huko. Sasa, majaji hao wawili hawamwoni mtu yeyote. Shahidi haitwi tena. Hakuna anayelia mbele yao. Wanaletewa jalada, na jalada ndilo sisi.

"Kisichokuwa kwenye jalada hakikutokea," alisema Aunty Saro. "Hata kama mahakama nzima ilikiona."

Ndiyo maana ya adabu zote zile mnazoziona za usumbufu. Kurasa zinahesabiwa juu kulia. Kila mstari wa kumi unapewa namba yake pembeni, ili wakili aseme ukurasa wa hamsini, mstari wa ishirini, na watu wote waweke kidole mahali pamoja. Kila buku lisizidi kurasa mia, na lifungwe kwa namna ya kulala wazi lenyewe mezani, kwa sababu jaji ana mikono miwili tu na mmoja umeshika kalamu. Muhuri wetu wa namba ulikuwa na tabia ya kuruka saba. Kila nikifika sita nilikuwa nikiupiga busu, na wenzangu walidhani ni mila ya Kongo.

Vifaa vyangu vingine vilikuwa hedifoni na pedali. Ukikanyaga kanda inakwenda, ukiachia inasimama, ukipiga kisigino inarudi. Kwa miaka kumi na mitano kiatu changu cha kulia kiliisha soli kabla ya cha kushoto, mpaka fundi viatu wa South Beach akaniuliza kama natembea kwa mguu mmoja. Na kazi hii ina jambo la ajabu: unamjua mtu kabisa bila kumwona. Nilijua hakimu mmoja aliyemumunya peremende karibu na kipaza sauti kiasi kwamba nilijua ya mnanaa na ya limau. Nilijua mwendesha mashtaka aliyevuta pumzi kabla ya kila uongo mdogo. Ningekutana nao kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, wamesimama kando yangu wakingoja kuvuka, nisingewatambua.

Mapema kabisa nilijifunza ubaya wa mikono. Shahidi anaulizwa, alikuwa mbali kiasi gani? Anajibu: kutoka hapa mpaka pale. Mahakama yote inatazama, inaridhika. Kwenye jalada inabaki "kutoka hapa mpaka pale," na majaji wawili juu wanakaa wakitazamana. Hakimu mzuri husema kwa sauti, shahidi anaonyesha kama hatua sita. Hakimu mchovu hasemi. Sisi hatuwezi kumsaidia, kwa maana amri ya kwanza ya Aunty Saro ilikuwa: andika ulichosikia, usiandike unachojua.

Amri yake ya pili ilikuwa: kelele si ushahidi. Mlango, kikohozi, kiti, ndege, simu ya wakili inayoimba kwaya, vyote hivyo viache. Ukurasa uwe safi. Nilizipenda amri zote mbili. Sikuona kwamba siku moja zitakuja kugombana, na mimi niko katikati.

Sasa nafika kwa Mama Numbi.

Alikuwa mwanamke wa Likasi, Katanga, si mbali na kwetu. Alikodi chumba katika fleti moja ya South Beach, familia nne jiko moja, mnayajua maisha hayo. Siku moja yeye na mpangaji mwenzake waligombania jiko. Palikuwa na sufuria ya maji yanayochemka. Mwenzake aliungua mkono na bega, vibaya. Mwenzake alisema: alinimwagia kwa makusudi. Mama Numbi alisema: tulivutana mpini, maji yakatupata, yeye zaidi. Hapakuwa na mtu wa tatu jikoni. Hakimu alimwamini mlalamikaji, akampa Mama Numbi miaka mitano. Alikata rufaa, akanyimwa dhamana, akangoja gerezani Westville. Watoto wake wawili walilelewa na watu wa kanisa lake kule Overport. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule, kwangu alikuwa kanda.

Kwetu kesi moja hugawanywa. Kanda zilikuwa tisa. Mimi, kwa ajili ya Kiswahili, nilipewa ya pili mpaka ya tano: ushahidi wa mlalamikaji na wa Mama Numbi mwenyewe. Hukumu ya hakimu, ambayo ilikuwa Kiingereza kitupu, alipewa mwenzangu wa meza ya dirishani. Hakuna aliyesoma kesi nzima, kama vile fundi wa mikono ya shati asivyojua kola itakuwaje.

Dakika ya kwanza tu ya kanda ya pili nilisikia kitu. Hakimu alimwambia mshtakiwa akae. Mkalimani, mzee mmoja wa Tanga mwenye Kiswahili cha kunyooshwa kwa pasi, akatafsiri. Kisha, pa-pa. Laini. Viganja viwili vilivyokunjwa kama vya kuteka maji. Halafu sauti ya mwanamke: "Aksanti, baba."

Nilipiga kisigino, nikarudi nyuma, nikasikiliza tena, nikatabasamu peke yangu. Bibi yangu alikuwa akipiga hivyo. Kwetu mwanamke akisemeshwa na chifu, au na baba mkwe, au na mtu yeyote aliye juu yake, hajibu kwa mdomo tu. Anapiga viganja kwanza, taratibu, kumwambia: nimekusikia, neno lako nimelipokea. Nilikuwa sijausikia mlio ule tangu nivuke mpaka. Ukanijia na harufu ya jiko la bibi.

Na sikuuandika.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa mimi sasa ni mstaafu na hamna la kunifanya. Ningeweza kusema ni amri ya Aunty Saro, kelele si ushahidi. Haikuwa hiyo. Niliona haya. Nilikuwa nimejitahidi miaka mingi ili ofisi ile isahau kwamba nilitoka saluni, na huyu mama analeta mambo ya kijijini kwenye mahakama ya watu, mbele ya watu wa Kiingereza na karatasi. Nikamsafishia ukurasa. Kila alipopiga, mimi niliruka, nikaandika maneno tu. Nilidhani namsitiri.

Tulimaliza, tukafunga mabuku mawili, nikatia sahihi yangu kwenye cheti cha mwisho kwamba huo ni mwenendo wa kweli na sahihi wa yaliyorekodiwa. Nakala zikaenda kwa majaji, kwa serikali, kwa wakili wa mrufani. Ikabaki ya ofisi.

Wiki tatu kabla ya rufaa kusikilizwa, nilikaa na nakala ile ya ofisi nikiitengenezea faharasa. Faharasa haihitaji kusoma, lakini mimi ni mtu wa kusoma hata karatasi ya kufungia samosa. Nikafika kwenye hukumu. Hakimu alikuwa amesema kwamba hapa ni neno la mwanamke mmoja dhidi ya mwingine, na kwamba aliwatazama wote wawili kwa macho yake. Mlalamikaji alipokuwa akionyesha makovu na kulia, alisema, mshtakiwa alipiga makofi. Mtu anayeshangilia jeraha la mwenzake, alisema, ndiye mtu wa kummwagia maji ya moto.

Nilihisi baridi, na ilikuwa Februari, kilele cha joto la Durban.

Niliichukua kanda ya tatu kabatini. Kanda huwa hatufuti mpaka rufaa iishe, na sasa mnajua kwa nini. Nikatafuta mahali pale. Mlalamikaji analia. Kiti kinasogea. Hakimu anasema: Mshtakiwa, unamsikia vizuri mkalimani? Mkalimani anauliza. Pa-pa. "Ndiyo, baba."

Hakuwa akimpigia mlalamikaji. Alikuwa akimpigia hakimu. Hakimu mwenyewe ndiye aliyemsemesha, naye akampa heshima, na heshima ile ikamfunga miaka mitano. Na kwenye jalada langu safi hapakuwa na makofi hata moja. Majaji wangesoma kwamba hakimu aliyaona, wangetafuta palipotokea, wasingepata kitu cha kumpinga. Wangesema lile wanalosema siku zote, nalo ni la haki kabisa: yeye aliwaona, sisi tumesoma tu.

Niliketi nikiitazama sahihi yangu kwenye cheti. Niliwaza kufukuzwa. Niliwaza kibali changu cha kukaa nchini, ambacho kila mara kilihitaji barua ya mwajiri. Niliwaza kwamba hakuna anayejua isipokuwa mimi na kanda, na kanda haisemi mpaka ikanyagwe. Saa nzima niliwaza hivyo. Siwafichi.

Kisha nikaenda kwa Aunty Saro nikamwambia kila kitu, hata lile la kuona haya.

Alivaa hedifoni zangu juu ya nywele zake zilizopakwa mafuta, akavuta pedali kwa mguu wake mfupi, akachukua penseli. Alisikiliza kanda zote nne. Chai yake ikapoa, watu wa zamu wakaenda kula wakarudi. Nilimwona akichora vijiti kwenye karatasi, kimoja, kingine, kingine. Mwisho akavua.

"Mara kumi na nne," akasema. "Mawili mawili. Na kila mara hakimu amesema kwanza. Hakuna hata mara moja aliyopiga bila kusemeshwa."

"Ulisema kelele si ushahidi, Aunty."

"Nilisema. Lakini hii imo kwenye hukumu. Hakimu ndiye aliyeifanya ushahidi, mimi sikumtuma." Akasugua macho. "Ulijua maana yake tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Basi wewe ni mjinga, na mimi niliyekupa amri bila kukueleza mwisho wake ni mjinga mwenzako. Keti. Tunarekebisha kurasa."

Nikataka kuandika kwenye mabano kwamba mshtakiwa anatoa heshima kwa kupiga viganja. Akanipiga mkono kwa penseli. "Umesikia heshima? Heshima ina mlio gani? Umesikia makofi mawili. Andika makofi mawili. Hayo mengine yatie kwenye hati yako ya kiapo, wao wataamua." Nami nikaandika mara kumi na nne: makofi mawili. Nikatia sahihi cheti kipya. Nikaandika hati ya kiapo kueleza kwamba kosa ni langu, pamoja na kurasa mbili nzuri sana kuhusu bibi yangu.

Wakili wa Mama Numbi alikuwa binti wa Kizulu aitwaye Nokuthula, wa msaada wa sheria, mwenye mafaili mengi kuliko kiti cha nyuma cha gari lake. Nilimpelekea kurasa mwenyewe. Alizisoma amesimama koridoni.

"Eish, Ma," akasema. "Nilimuuliza gerezani kuhusu makofi. Akaniambia, nilikuwa naitika. Nikadhani mkalimani wa gereza amekosea, nikaacha. Nimejenga hoja zangu zote juu ya adhabu, kuomba ipunguzwe." Akanitazama. "Unajua watakuuliza kwa nini uliyatoa?"

"Najua."

"Sharp, sawa. Njoo Maritzburg."

Rufaa zetu husikilizwa kule, mwendo wa saa moja na kidogo kwa barabara. Nilipanda taxi alfajiri na sketi yangu ya kanisani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia katika mahakama ya rufaa, baada ya kuilisha karatasi miaka yote ile, na nilishangaa ukimya wake. Hakuna kizimba chenye mtu. Mama Numbi hakuletwa. Mrufani haitwi, kwa sababu hakuna wa kumwangalia. Mabuku yangu yalikuwa yamelala wazi mezani, yenyewe, bila kushikwa. Nakiri nililifurahia hilo hata siku ile.

Majaji walikuwa wawili, mzee mmoja mwenye mvi na mwanamke wa makamo. Mzee alianza na hati yangu ya kiapo. Alisema wanaipokea kwa habari ya mahali makofi yalipo kwenye kanda, na serikali imekiri kwamba imeisikiliza kanda. Kwa habari ya mila za Katanga hawaipokei, kwa sababu mahakama ya rufaa haisikilizi ushahidi mpya ila kwa sababu za pekee. Kurasa mbili za bibi yangu zikawekwa kando. Bibi mwenyewe angecheka. Alikuwa hapendi kuandikwa. Mimi nilidhani tumeshindwa.

Ndipo jaji mwanamke akamgeukia wakili wa serikali.

"Hakimu anasema alipiga makofi mlalamikaji akilia. Tuonyeshe."

"Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mheshimiwa, mstari wa ishirini."

"Soma kinachotangulia."

"Hakimu: Mshtakiwa, unamsikia vizuri mkalimani?"

"Kisha?"

"Makofi mawili. Kisha, ndiyo, baba."

"Kwa hiyo makofi yanamfuata nani?"

Wakili wa serikali alikuwa kijana mwaminifu. Alitazama ukurasa, akatazama juu. "Yanamfuata hakimu, mheshimiwa."

"Ukurasa wa mia moja na arobaini."

"Hakimu anamwambia anaweza kuketi. Makofi mawili."

"Mia moja hamsini na tatu."

"Anaagiza apewe maji." Akafuata mstari kwa kidole. "Makofi mawili."

"Alikuwa akiyashangilia maji?"

Hakuna aliyecheka. Jaji mzee alikuwa amekwisha anza kuhesabu mwenyewe, akilamba kidole na kufunua, na katika ukimya ule nilisikia karatasi zangu zikigeuka moja baada ya moja. Hawakuhitaji bibi yangu. Walihitaji mistari kumi na minne mahali pake. Hakuna aliyeniuliza kwa nini niliyatoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki tatu, na mpaka leo sijaulizwa na mtu, ndiyo maana nimelijibu hapa bila kuulizwa.

Hawakuamua siku ile. Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili. Walisema kesi yote ilisimama juu ya nani wa kuaminiwa, na hakimu alimkataa mshtakiwa kwa sababu ambayo jalada linaonyesha haikuwapo. Likiondolewa hilo, yanabaki maneno ya wanawake wawili na sufuria, na shaka ni ya mshtakiwa. Hatia ikatenguliwa. Nokuthula alinipigia simu akiwa nje ya gereza. "Ametoka, Ma. Hataki chakula, hataki nini. Anataka kwenda Overport kwa watoto." Nililia mezani mpaka Aunty Saro akanihamishia mabuku mbali, yasilowe.

Mama Numbi alituma ujumbe kwamba anataka kuniona. Sikwenda. Nilisema kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba sikujua namna ya kukaa mbele ya mtu ambaye nilimfutia mikono yake kwa haya yangu, kisha nikamrudishia, kisha ananishukuru. Baada ya miezi michache alihamia Cape Town na watoto. Basi nikabaki na aibu ile.

Ile karatasi juu ya mashine ya kufungia mabuku, yenye doa la chai, ambayo kila mwaka mmoja wenu anataka kuitupa, ni mwandiko wa Aunty Saro: Kelele si ushahidi, ila iliyotoka kwa mtu. Aliibandika wiki ileile. Msiitupe. Baadaye kanda zilikwenda, zikaja kompyuta, pedali ikapata waya mwingine, Aunty Saro akastaafu, mkaja ninyi. Ilikuwa miaka mizuri. Niliifurahia kazi hii, hata ile peremende ya limau.

Sasa siku ya keki. Mlikuwa mmejaa chumbani, Aunty Saro ameketi kwenye kiti changu na fimbo yake, Patrick anahutubia kwa Kifaransa ambacho hakuna aliyekiomba. Nokuthula alikuwa ameniambia ataleta mtu, nikadhani ni mume. Nilikuwa nimeinamia keki. Mlango ukafunguka nyuma yangu, na kabla mtu hajasema kitu nikasikia: pa-pa.

Laini. Viganja vilivyokunjwa kama vya kuteka maji.

Sikuwahi kumwona mwanamke yule hata mara moja. Nisingemtambua kwenye robot. Lakini mlio ule nilikuwa nimeusikia mara kumi na nne, na kila mara nikarudi nyuma kwa kisigino kuusikia tena. Mguu wangu wa kulia, naapa, ulikanyaga sakafu. Niliogopa kugeuka.

"Mawili, Bea," akasema Aunty Saro kutoka kwenye kiti, macho amefumba. "Nimesikia."

Nikageuka. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, amevaa kitenge cha kijani, mikono bado ameikutanisha kifuani.

"Ni weye uliandika mikono yangu?" akaniuliza.

Nikaweka kisu mezani, nikakunja magoti haya ya uzee mbele yenu nyote, nikamjibu kama bibi alivyonifundisha, kwa viganja. Mara mbili.